Kapasita si betri ndogo

Kando ya Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi vijiji kama Kafutuma, lugha za ufundi hukutana kama zinavyokutana bidhaa. Fundi aliyefunzwa upande wa Kongo, kule Pweto au Kilwa, ana jina la Kifaransa la kifaa hiki, condensateur. Aliyefunzwa Zambia huanza na la Kiingereza, ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa kapasita. Mafundi wa magari ya zamani wanalo la tatu, kondensa, yaani kile kikopo kidogo kilichokaa pembeni mwa pointi za kuwashia injini. Majina haya yote yanataja dhana ileile: sahani mbili za metali zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, chaji ya aina moja ikirundikana huku na ya aina ya pili kule. Wa kwanza kukiona kifaa hicho kikifanya kazi walikuwa Ewald Georg von Kleist mwaka 1745 na Pieter van Musschenbroek wa Leiden muda mfupi baadaye, kwa chupa ya kioo. Alessandro Volta ndiye aliyekipa, mwaka 1782, jina lililozaa kondensa. Kipimo chake, faradi, kimetokana na jina la Michael Faraday.

Istilahi hii inastahili kujadiliwa kwa sababu maelezo yanayoambatana nayo dukani yanawagharimu watu pesa. Mwenye gari akiuliza kapasita ni nini, hujibiwa kuwa ni betri ndogo, au kihifadhi cha umeme, inayofungwa karibu na amplifaya ili sabufa isipungukiwe. Jibu hilo halina uongo wa wazi, kwani kapasita huhifadhi chaji kweli. Kosa lake liko kwenye kiasi, na katika umeme kiasi ndicho kinachoamua kila kitu. Chukua kapasita ya faradi 1, ukubwa unaouzwa sana kwa muziki wa magari. Volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, kapasita hiyo hutoa takriban juli 32. Amplifaya inayovuta wati 1000 huzimaliza juli hizo kwa sekunde 0.032. Sauti nzito ya mitetemo 50 kwa sekunde hukamilisha mtetemo mmoja kwa sekunde 0.02, kwa hiyo akiba yote ya kapasita inaisha kabla ya mtetemo wa pili kukamilika. Linganisha na betri ya kawaida ya saa-ampea 60, yenye juli kama milioni 2.6. Hata ukiijaza kapasita hadi volti 14.4 na kuikamua yote, betri inaishinda takriban mara 25,000. Kifaa kinachozidiwa kiasi hicho hakifai kuitwa betri, hata kwa kuongeza neno ndogo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mkoa huu wa Luapula, upande wa Zambia wa ziwa, kwa sababu muziki uliokulia hapa umejengwa juu ya besi. Kalindula lilikuwa jina la ala, gitaa la besi la kienyeji, kabla ya kuwa jina la mtindo mzima wa muziki, na anayeucheza muziki huo kwenye gari lake hataki besi inayosinyaa. Noti moja ya besi huweza kushikiliwa robo ya sekunde au zaidi, na noti hufuatana bila kupumzika. Amplifaya ya wati 1000 huhitaji karibu ampea 80 kila inapofikia kilele. Alteneta ya gari dogo lililoagizwa Japani likiwa limetumika haizidi sana hapo hata injini ikizunguka kwa kasi, na gari linapokuwa limeegeshwa huku injini ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, uwezo wake huweza kushuka hadi karibu nusu. Taa za mbele peke yake, balbu mbili za wati 55, zinakula ampea zipatazo 9, na bado kuna pampu ya mafuta, feni na mfumo wa kuwashia. Huo ni upungufu wa kudumu, na kapasita haizalishi hata ampea moja. Ni mfano wa kopo la chenji mezani kwa muuza samaki: linaharakisha malipo, lakini haliongezi mapato ya siku. Kila juli iliyotoka kwenye kapasita lazima irudishwe na alteneta ileile iliyokwisha kuelemewa.

Mtetezi wa kapasita atasema kwamba ameona kwa macho yake: taa zilikuwa zikififia kwa kila pigo la besi, kapasita ikafungwa, kufifia kukapungua. Sina sababu ya kumkanusha. Pigo likiwa fupi sana, kapasita hulainisha mshuko wa volti, na jicho huona taa zimetulia. Lakini taa zinazofifia ni dalili, na dalili hiyo mara nyingi inatoka kwenye waya. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 8 na urefu wa mita 5, kutoka betri iliyo mbele hadi amplifaya iliyo kwenye buti, hupoteza karibu volti 0.9 ukipitishwa ampea 80. Ukiwekwa wa milimita za mraba 35, upotevu unabaki volti 0.2 tu. Hali huwa mbaya zaidi waya ukiwa wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu, kwa sababu alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, na rangi ya juu haimwonyeshi mnunuzi tofauti hiyo. Ongeza waya wa ethi uliobanwa juu ya rangi ya bodi au juu ya kutu, na hapo amplifaya inanyimwa volti hata betri ikiwa mpya. Upimaji wake ni rahisi: muziki ukiwa juu, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya, kisha rudia kwenye hasi. Volti utakazosoma ndizo zinazopotea njiani.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Ukinzani wa ndani wa kapasita nzuri ni mdogo kuliko wa betri, na kwa kuwa inakaa karibu na amplifaya, huitikia haraka kuliko umeme unaosafiri mita 5. Hilo ni kweli, na ndiyo kazi yake halali: kutuliza mawimbi mafupi ya volti. Ila amplifaya yenyewe tayari ina kapasita ndani yake kwa kazi hiyohiyo. Zipo pia kapasita kuu, zinazoundwa kwa seli sita za volti 2.7 zilizounganishwa mfululizo. Seli zikiwa za faradi 500 kila moja, jumla ni kama faradi 83, na katika mshuko uleule wa volti zinatoa juli 2,600 hivi. Hizo zinaibeba amplifaya kwa sekunde mbili na nusu, na besi hunufaika kweli. Hata hivyo zinalipwa na alteneta ileile.

Kwa hiyo napendekeza jina libaki kapasita, lenye mizizi tayari na linaloelewana na faradi, lakini maelezo yake yawe kitulizi cha volti badala ya kihifadhi cha umeme. Anayeambiwa kitulizi atauliza mara moja ni nini kinachotikisika na kwa nini, na swali hilo litampeleka kwenye ethi, waya, betri na alteneta, kwa mpangilio huo, kwani ethi husafishwa kwa msasa wa bei ndogo na alteneta kubwa ni ghali. Vyote hivyo vikiwa sawa na mita bado ikionyesha mitikisiko mifupi, kapasita ina nafasi yake. Fundi aijaze kwanza polepole kupitia balbu au kizuizi kabla ya kuifunga moja kwa moja, maana kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa unaorusha cheche na kuweza kukata fyuzi, na wakati wa kuitoa aikamue kwa balbu hiyohiyo, kamwe si kwa spana.