Kutafuta mizizi ya polinomia bila kubahatisha

Mzizi wa polinomia ni thamani ya x inayoifanya hesabu nzima iwe sifuri. Mwanafunzi akipewa 2x³ + x² − 7x − 6 = 0, aghalabu huanza kubahatisha. Hana haja. Nambari mbili zatosha kumwongoza: 6, isiyo na x, na 2, iliyo mbele ya x³.

Kanuni ni hii. Ikiwa nambari zote za polinomia ni nzima, na ya mwisho si sifuri, basi mzizi wowote unaoandikika kama sehemu iliyofupishwa, nambari yake ya juu huigawanya ile ya mwisho bila kubakisha, na ya chini huigawanya ile ya kwanza. Nambari nzima nayo ni sehemu, chini yake mna 1.

Nambari zinazoigawanya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Zinazoigawanya 2 ni 1 na 2. Basi za kujaribiwa ni 1, 2, 3, 6, 1/2 na 3/2, kila moja chanya na hasi: jumla 12. Ukizijaribu, 2, −1 na −3/2 ndizo zinazoleta sifuri.

Orodha hii si majibu. Ni mipaka ya kutafutia. Lakini zote zikikataa, hilo nalo ni jibu. Kwa x³ − 2 = 0, za kujaribiwa ni 1, −1, 2 na −2 pekee, na hakuna inayofaa. Kwa hivyo kipeuo cha tatu cha 2 hakiandikiki kama sehemu. Kikokotoo, kwa tarakimu zake chache, hakiwezi kukuthibitishia hilo.