Tochi Kubwa ya Msamvu

Mtu yeyote aliyewahi kusubiri basi katika kituo cha Msamvu, mahali zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, anajua kwamba pale duka humfuata abiria dirishani. Alasiri moja kijana aliniinulia tochi ndefu kama mkono wa mtu, akaiwasha juani na kusema, "Mzee, hii inamulika mpaka Uluguru." Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunitia shaka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Msamvu vyote vinajitembeza, kizuri na kibaya, kwa hiyo methali haimsaidii mnunuzi.

Nilikuwa nikimtafutia tochi mjomba wangu aliyeko Kinole. Sisi Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na mjomba si mtu wa kupelekewa takataka. Tena ninayo sababu nyingine ya kutofanya mzaha na tochi.

Mwaka 1982 nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Usiku mmoja wa masika bibi alizidiwa na ugonjwa, wanaume wakamfunga kwenye machela ili wamteremshe bondeni. Mjomba alishika mbele. Tochi tulikuwa nayo, tena nzuri, ya bati, ya betri tatu. Betri ndizo zilizokuwa tatizo. Zilizokuwamo tulikuwa tumekwisha kuzianika juani mara nyingi, kama watu wote walivyofanya siku zile. Zilitoa mwanga mwekundu kama kaa la moto, zikazimika kabla hatujafika kwenye kijito cha kwanza. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Tukaketi mtelemkoni kungoja kukuche. Bibi hakukuchiwa.

Si kwamba nchi haikuwa na kiwanda cha betri. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kampuni yake Dar es Salaam mwaka 1966, na betri za National zilijulikana hadi vijijini. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta kupanda bei, fedha za kigeni zilikauka, na bila fedha hizo viwanda vingi vilikosa malighafi na vipuri. Betri, sabuni na chumvi vikawa vitu vya foleni na vya walanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mlango uliofunguliwa wakati ule ndio uliomfikisha kijana huyu dirishani kwangu.

Tochi ilipewa hataza Marekani mwaka 1899, na kwa karibu miaka mia moja umbo lake halikubadilika sana: bomba, betri, swichi na glopu. Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1990, baada ya Wajapani kupata taa za LED za buluu zenye nguvu, zilizowezesha kutengenezwa kwa taa nyeupe. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Taa hizi hutumia umeme kidogo kuliko glopu. Lakini hata zenyewe hazili hewa.

Basi nikamwomba kijana aifungue. Ndani ya bomba lile refu mlikuwa na betri moja ndogo ya asidi na risasi, ya volti 4. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa tupu. Chaja yake haikuwa na kitu cha kukata umeme betri ikijaa. Betri ya namna hii ikiachwa imeisha kwa majuma kadhaa huharibika, na nyumba ya mjomba haina umeme. Nikakumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu tochi za LED nchini Kenya: kati ya watumiaji 46 waliofuatiliwa kwa miezi sita, karibu asilimia 90 walipata matatizo na tochi zao.

Nilikaribia kuirudisha. Kisha lile bomba tupu likanipa wazo. Betri kavu tatu kubwa, kila moja volti 1.5, zinafanya volti 4.5, karibu sawa na zile 4. Niliinunua nikaipeleka kwa fundi redio. Alitoa betri ya asidi, akang'oa chaja, akatengeneza mahali pa betri tatu na kuunganisha kipingamizi kidogo ili taa zisiungue. Malipo ya fundi yalikuwa nusu ya bei ya tochi.

Je, ilistahili? Mtu mwenye umeme nyumbani angeweza kuongeza fedha kidogo na kununua iliyo bora. Kwa Kinole nasema ndiyo, kwa sababu betri zile zinauzwa dukani kwa jirani. Nilijifunza kupima tochi kwa kuuliza chakula chake kinapatikana wapi. Ukubwa na mwanga wake hufuata baadaye.

Mjomba alipoipokea hakuiwasha. Alifungua kifuniko, akazimimina betri kiganjani, akazihesabu.

"Tatu," alisema. "Kama ile."

"Ndiyo, mjomba."

"Na zikiisha?"

"Zipo dukani hapo chini. Na nimeleta nyingine tatu."

Akazirudisha moja moja, akafunga kifuniko, akaitundika msumarini karibu na mlango.