Kutoka Kipande hadi Namba ya Simu

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika wa Kenya, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Babu yangu alivaa chake hadi kwenye mashamba ya Wazungu kule Trans Nzoia. Alichokichukia zaidi ni kwamba bwana shamba aliandika humo mambo ambayo yeye hakuweza kuyasoma wala kuyafuta. Mwanasiasa Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande miaka ya 1921 na 1922, lakini kiliendelea kuvaliwa hadi 1947, ulipoletwa usajili wa watu wa rangi zote. Hatua chache tu kutoka huku kwetu Busia, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, sheria hiyo haikuwa na nguvu.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko hapa Mundika, kando ya barabara ya kwenda Busia, na nikiulizwa watu wa huku wanaonaje habari za serikali kuingia kwenye simu zao, sianzi na intaneti. Naanza na kile kikasha.

Kuna mama muuza omena ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi. Siku moja tulizungumzia habari za simu kusikilizwa, akasema, "Fundi, watasikia nini kwangu? Bei ya omena?" Kisha, kabla ya kuniachia simu nibadilishe skrini, alitoa laini yake mwenyewe kwa pini ya nywele, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaondoka nayo. Wengi hapa wako hivyo. Wakiulizwa, husema hawana cha kuficha, lakini mikono yao inajua kwamba wanacho, kwa sababu laini ndiyo M-Pesa, ndiyo chama, ndiyo deni wanalodaiwa na wanalodai.

Tarehe 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilizima simu bandia, karibu milioni 1.9 nchini kote. Kila simu halali ina namba yake ya tarakimu 15, IMEI, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Watu waliambiwa waitume kwa 1555 wajue kama simu ni halali. Simu nyingi za bei ya chini zilizouzwa hapa mpakani zilikuwa na namba ya kuigwa, au sufuri tupu. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: wizi, usalama wa pesa, uchaguzi uliokuwa unakaribia. Lakini mwenye simu ya shilingi elfu moja aliamka simu imekufa, na hapo ndipo alipojua kwamba kuna mtu mbali anayeziona simu za watu moja moja.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 2017, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyochukua nafasi ya ile Tume, ilipowaandikia wenye mitandao ikitaka kuunganisha kifaa chake na mitambo yao, huku tulielewa upesi. Ilisema inatafuta simu bandia tu. Aliyekwenda mahakamani ni mwanaharakati Okiya Omtatah, mtu wa kaunti yetu hii, upande wa Teso. Hoja yake ilikuwa kwamba kifaa kinachoweza kuona namba ya simu, namba ya laini na kumbukumbu za nani kampigia nani hakiwezi kuitwa cha kukamata simu bandia peke yake. Tarehe 19 Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikubaliana naye: mpango ule ulivunja haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 31 ya Katiba, na wananchi hawakushirikishwa. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2022 Busia ilimchagua Omtatah kuwa seneta. Sisemi kesi ile pekee ndiyo iliyomchagulisha, ila hapa mezani ilitajwa mara nyingi.

Ng'ambo nako tulikuwa tunatazama. Nyaraka zilizotolewa na Privacy International mwaka 2015 zilieleza jinsi vyombo vya usalama vya Uganda vilivyotumia programu ya ujasusi ya FinFisher dhidi ya wapinzani baada ya uchaguzi wa 2011, katika operesheni iliyopewa jina Fungua Macho. Desemba 2021 ikajulikana kwamba simu za watu 11 waliofanya kazi na ubalozi wa Marekani nchini Uganda ziliingiliwa kwa programu nyingine ya ujasusi, Pegasus. Kati ya matukio hayo mawili, Januari 2021, Uganda ilizima intaneti tangu mkesha wa uchaguzi hadi tarehe 18. Huko Sofia, upande wa Uganda, waliokuwa na laini za Kenya walisogea karibu na mpaka, simu zikashika minara yetu. Kwetu laini mbili ni kama kuwa na jamaa pande zote mbili.

Hapa ndipo ninapobishana na wateja wangu. Wao wanamwogopa tapeli, na serikali wanaiona ni habari ya wanasiasa. Lakini programu kama Pegasus hupitia kasoro za simu, na mwenye simu asiyepata masasisho anaachiwa kasoro nyingi wazi. Tundu la ua alilopita kicheche, mbwa naye atalipita. Mwaka 2020 watafiti walikuta simu mpya za Tecno W2, zikiwemo zilizouzwa Ethiopia na Ghana, zikiwa na programu hasidi tangu dukani. Mnunuzi wa simu kama hiyo hakubonyeza kiungo chochote.

Mwishoni mwa 2024 mamlaka ya ushuru ilitaka msafiri anayeingia Kenya aandike IMEI ya simu yake kwenye fomu. Julai 2025 Jaji Chacha Mwita aliifuta amri hiyo. Nilifurahi, nasema wazi. Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba uchunguzi wa Citizen Lab ya Toronto umekuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji filamu waliokamatwa Mei, nayo iliwekwa simu zikiwa mikononi mwa polisi.

Tangu hapo wapo wanaoniletea simu zilizowahi kuzuiliwa kituoni, wakitaka nizitazame. Nawaambia ukweli: mimi naweza kufuta kila kitu na kuiwasha simu upya, lakini siwezi kuapa kwamba imetakata. Mwenye uwezo anunue nyingine, abadilishe PIN ya M-Pesa na nywila zote akitumia hiyo mpya, na ile ya zamani asiiwekee tena laini yake.