Mwalo si Ufukwe: Kuzifunga Nafasi za Moduli za Varieti

Mvuvi wa Mwanza haiti kila ufukwe mwalo. Ziwa Victoria limezungukwa na majabali, mafunjo na magugumaji. Mwalo ni pale tu mtumbwi unapofika salama, samaki wakapimwa, wakapata mnunuzi, kama ilivyo kwenye mwalo wa Kirumba. Nadai hapa kwamba neno hilo ndilo linaloeleza vizuri kazi ngumu ya nadharia ya moduli, yaani kuifanya nafasi iwe kompakti. Kusema kwamba kazi hiyo ni kuongeza mpaka ni kusema nusu.

Nafasi ya moduli ni ramani ambayo kila nukta yake ni umbo zima la kijiometri. Mwaka 1857 Riemann alionyesha kwamba mipindo ya jenasi g, kuanzia 2, inahitaji vigezo 3g − 3. Ramani hiyo iko wazi pembeni. Chukua mlinganyo xy = t: kila t isiyo sifuri hutoa mpindo laini, lakini t ikifika sifuri tunabaki na mistari miwili iliyokatana kwenye fundo. Mwaka 1969 Deligne na Mumford waliyapokea mafundo ya aina hiyo tu, kwa sharti kwamba ulinganifu wa mpindo usiwe na idadi isiyo kikomo. Tangu hapo kila safari ya mipindo, kigezo kikibadilishwa inapobidi, ina mwisho, tena mwisho mmoja.

Kwenye nyuso mambo huwa magumu. Koni iandikwayo P(1,1,4) inafikiwa kutoka pande mbili: bapa la projekti P² linaweza kubadilika polepole hadi likawa koni hiyo, na P¹ × P¹ vilevile. Sasa pima K², yaani kigawanyo cha kanoniki, K, kikikatana na nafsi yake. Kwenye P² ni 9, kwenye P¹ × P¹ ni 8, kwenye koni ni 9. Safari ya kwanza imefika na uzito wake. Ya pili imeongezeka 1 ilipogusa nchi kavu, ingawa milinganyo yake haina kasoro yoyote ya wazi.

Ndiyo maana fikra iliyoanzishwa na Kollár na Shepherd-Barron mwaka 1988 haikuishia kwenye kuorodhesha makovu yanayoruhusiwa kwenye uso. Inataka pia K ibebwe na familia nzima bila kubadilika. Wapo watakaoliona sharti hili kali mno, kwa kuwa linafukuza familia nyingi. Mimi naliona la lazima: kwa varieti za aina ya jumla K ndiyo mzani wenyewe, na mzani ukiachwa, nyuso zenye K² tofauti zitarundikwa kwenye nukta moja. Mwaka 1994 Alexeev alithibitisha kwamba kwa nyuso, K² ikishikiliwa, maumbo hayatawanyiki bila mwisho. Varieti za vipimo vya juu zilisubiri miongo miwili zaidi, hadi kazi ya Hacon, McKernan na Xu.

Rudi kwenye ile koni, maana ndiyo inayonivutia zaidi. Andika q² + tf = 0 ndani ya P², q ikiwa ya digrii ya 2 na laini, f ya digrii ya 4. t ikifika sifuri, bapa linabaki na q iliyorudiwa mara mbili, umbo lisilokumbuka f ilikuwa ipi. Hassett alionyesha mwaka 1999 kwamba bapa lenyewe inabidi liachiwe ligeuke P(1,1,4). Juu ya koni hiyo hujitokeza mpindo wa jenasi 3 unaoifunika q mara mbili, safu zake zikikutana kwenye zile nukta 8 ambapo f inaikata q. Nukta hizo zina vigezo 5, pungufu 1 tu ya vigezo 6 vya mipindo yote ya jenasi 3. Kumbukumbu ya f imeokolewa, na K² bado ni 9.

Nawaomba basi wanaotunga istilahi za hisabati kwa Kiswahili: ufukwe na ubaki kuwa mpaka wowote, na mwalo uwe mpaka unaopokea kila safari mahali pamoja, na uzito wake uleule.