Mlango wa Caravan Hall

Ray Bradbury alikuwa na miaka 18. Mchana aliuza magazeti kwenye kona ya barabara mjini Los Angeles, na usiku aliandika hadithi ambazo hakuna jarida lililokuwa tayari kuzinunua. Kiangazi cha 1939 rafiki yake Forrest J Ackerman alimkopesha nauli, naye akapanda basi na kuikata Marekani nzima, kutoka pwani ya Pasifiki hadi New York. Mzigo alioulinda zaidi njiani haukuwa hadithi zake. Ulikuwa michoro ya rafiki mwingine, Hannes Bok, ambaye yeye hakuwa na uwezo wa kusafiri. Bradbury aliibeba michoro hiyo kwa wahariri wa New York mpaka Farnsworth Wright wa jarida la Weird Tales akaipenda. Desemba mwaka huohuo kazi ya Bok ilikuwa kwenye jalada.

Basi lile lilimfikisha kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, uliofunguliwa tarehe 2 Julai katika Caravan Hall, ukumbi mmoja wa Manhattan, ukaendelea kwa siku 3. Waliohudhuria walikuwa kama 200. Neno “dunia” halikutokana na wingi wao wala umbali waliotoka. Waandaaji waliliazima kwa Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakifanyika jijini humo mwaka huo, yaliyojinadi kuwa yanaonyesha ulimwengu wa kesho. Katika safari hiyo Bradbury alikutana na Julius Schwartz, wakala aliyezijua vyema ofisi za majarida. Mwaka 1941 ni Schwartz aliyemuuzia hadithi yake ya kwanza ya kulipwa.

Nimeanza na safari hiyo kwa makusudi. Historia ya mikutano hii, ambayo leo ulimwengu mzima wa vitabu unaijua kwa jina la Worldcon, huwa inasimuliwa kwa kuhesabu tuzo na majina makubwa. Mimi naamini inasimulika vizuri zaidi mtu akisimama mlangoni na kutazama: nani ameingia, nani amezuiwa, na nani hakufika kabisa. Kwa mwandishi, mlango huo ni jambo la uhai wa kazi yake.

Kabla ya ukumbi kulikuwa na barua. Aprili 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Amazing Stories, jarida la kwanza lililojitolea zima kwa hadithi za kisayansi. Kurasa zake za barua za wasomaji zilichapisha majina pamoja na anwani. Kijana wa mji mdogo, aliyedhani ni yeye peke yake duniani anayewaza safari za mwezini, alifungua jarida akakuta kuna mwenziwe mtaa wa tatu, na mwingine jimbo la pili. Wakaanza kuandikiana, kisha kutembeleana, kisha kuunda klabu na kuchapa vijarida vyao kwa mashine za mkono. Januari 1937, mjini Leeds, Uingereza, kikundi kidogo kilikutana rasmi, akiwemo kijana aliyeitwa Arthur C. Clarke. Kwa hiyo ukumbi wa New York haukuzuka ghafla. Ulikuwa ni zile barua zimepata viti vya kukalia.

Humo ukumbini Ackerman alitokea amevaa mavazi ya watu wa wakati ujao, na pembeni yake alikuwa Myrtle R. Jones, naye amevaa yake. Mavazi yote mawili alikuwa ameyashona huyu mama. Aliandika kwa jina la Morojo, alilolitunga kwa kutamka herufi za mwanzo za majina yake kwa Kiesperanto, lugha aliyoipenda sana. Leo popote duniani vijana wanapojivika kama mashujaa wa sinema na katuni kwenye tamasha, hata Nairobi, wanafuata nyayo za sindano yake. Hata hivyo kwa miaka mingi sifa za mavazi hayo zilimwendea zaidi Ackerman. Ni haki tumtaje fundi mwenyewe.

Sasa nirudi mlangoni, maana siku ileile ya kwanza vijana 6 walizuiwa kuingia: Donald Wollheim, Frederik Pohl, Cyril Kornbluth, Robert Lowndes, John Michel na Jack Gillespie. Walikuwa wa kundi lililojiita Futurians, vijana maskini wengi wao wenye siasa za mrengo wa kushoto, waliosisitiza kwamba mtu hawezi kuandika kuhusu kesho bila kujali njaa ya leo. Waandaaji waliona siasa hazina nafasi katika mkutano wao, na ugomvi wa klabu za New York ulikuwa umeshakomaa. Asubuhi hiyo mwenyekiti Sam Moskowitz, naye akiwa kijana wa miaka 19 tu, aligundua vijitabu vilivyofichwa ukumbini, vinavyowaonya wajumbe dhidi ya udikteta wa waandaaji. Akawataka Futurians waahidi kutovuruga mkutano. Hao 6 wakakataa kuahidi, wakafungiwa nje.

Kijitabu chenyewe kilikuwa kimeandikwa na David Kyle, ambaye hakushukiwa na aliingia bila shida. Isaac Asimov, mwana Futurians mwingine, kijana mhamiaji kutoka Urusi ambaye hadithi yake ya kwanza ilikuwa imetoka miezi michache nyuma, naye aliingia. Baadaye aliandika kwamba dhamiri ilimsuta kwa kuwaacha wenzake mlangoni. Namwelewa. Mwandishi chipukizi aliyeambiwa kwamba humo ndani wamo wahariri, akiwemo John W. Campbell ambaye ndiye angemjenga Asimov miaka iliyofuata, hawezi kugeuza mgongo kirahisi.

Waliofungiwa nje hawakupotea. Wollheim alihariri mikusanyo iliyoingiza hadithi za kisayansi katika vitabu vya bei nafuu, na mwaka 1971 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, DAW. Pohl alikuwa mhariri aliyetwaa Tuzo ya Hugo, inayotolewa na mikutano hiihii, miaka 3 mfululizo, kisha akaipata tena kwa riwaya yake Gateway. Pamoja na Kornbluth aliandika The Space Merchants, riwaya inayoonyesha dunia iliyotekwa na kampuni za matangazo ya biashara. Mkutano uleule uliomfukuza Pohl ulimwalika kuwa mgeni wa heshima mwaka 1972, na Wollheim mwaka 1988. Wapo wanaosema yaliwasaidia kukomaa yale mapigo. Sikubaliani nao. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa 6, na nyuma yao kulikuwa na wenzao waliopanga nyumba pamoja, wakisomeana kazi usiku na kukosoana bila huruma. Angefungiwa mmoja, mpweke, tusingelijua jina lake.

Vita vilisimamisha mkutano kuanzia 1942 hadi 1945. Mwaka 1953, mjini Philadelphia, ndipo zilipotolewa kwa mara ya kwanza tuzo zilizokuja kuitwa Hugo, kwa heshima ya Gernsback. Riwaya iliyoshinda ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester. Tuzo zenyewe, roketi za chuma, zilichongwa na shabiki Jack McKnight, ambaye alikosa karibu mkutano wote akihangaika karakanani zikamilike kwa wakati. Mpaka leo waandaaji ni mashabiki wa kujitolea, na Hugo haipangwi na jopo la maprofesa. Kila aliyelipa uanachama wa mwaka ana haki ya kupendekeza na kupiga kura. Hapo pana somo kwetu. Makongamano yetu ya Kiswahili ni mengi na yana heshima yake, lakini mara nyingi ni msomi anamsomea msomi mwenziwe makala, na mtunzi wa riwaya hutajwa kama kielelezo asipokuwepo. Msomaji wa kawaida, aliyenunua kitabu kwa fedha yake, haulizwi kipi kilimkosesha usingizi.

Mwandishi anayekwenda Worldcon huketi kwenye majadiliano ya watu wanne watano mbele ya hadhira, husoma sehemu ya kazi yake chumbani kwa watu huenda 8, hukaa meza moja na wasomaji wachache wakanywa kahawa. Lakini biashara yenyewe hufanyika nje ya ukumbi, kwenye lifti, barazani. Pale ndipo mhariri anaposikia kuhusu muswada, na mwandishi anapojifunza mkataba gani ni mbaya. Ni elimu isiyoandikwa popote, na asiyekuwepo haipati.

Kwa miongo mingi waliokosekana walikuwa na rangi. Samuel R. Delany na baadaye Octavia Butler walikuwa karibu waandishi weusi pekee waliojulikana katika uwanja huo Marekani. Mwaka 1967 Delany alitaka riwaya yake Nova itoke kwa mfululizo jaridani. Campbell, yuleyule wa Caravan Hall, aliikataa, akieleza kwamba wasomaji wake wasingempokea mhusika mkuu mweusi. Delany ameeleza pia jinsi waandaaji wa mikutano walivyozoea kumweka meza moja na Butler, ingawa kazi zao hazifanani. Walikuwa wameingia ndani, ndiyo, lakini kiti chao kilikuwa kimeshachaguliwa.

Butler alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa ndani wa Pasadena, mrefu, mwenye haya kupita kiasi. Mwaka 1970 alikwenda kwenye warsha ya waandishi ya Clarion, ambako Delany alikuwa mmoja wa walimu. Kabla ya hapo alikuwa akiamka alfajiri kuandika, kisha anakwenda kwenye vibarua. Hugo yake ya kwanza aliipata mwaka 1984, kwa hadithi fupi “Speech Sounds”. Kwa upande wa riwaya, mwandishi wa kwanza mweusi kushinda alikuwa N. K. Jemisin mwaka 2016, miaka 63 baada ya tuzo ya kwanza. Akashinda tena 2017, na tena 2018, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka mmoja kabla ya ushindi wake wa kwanza, kundi la wapiga kura lilijipanga kuijaza orodha ya wagombea kwa majina ya kwao, likilalamika kwamba tuzo zimekuwa za watu wa aina fulani. Wanachama wengine wakajibu kwa kura, na vipengele 5 vikaachwa bila mshindi. Mwaka huohuo wa 2016, tuzo ya novela ilikwenda kwa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa kitabu chake Binti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo.

Afrika haijawahi kuwa mwenyeji. Mkutano umekwenda London, Heidelberg, Melbourne, Yokohama, Helsinki na Chengdu. Jeddah iliomba ule wa 2022 ikashindwa na Chicago. Waafrika wamejijengea vyao: jarida la Omenana kutoka Nigeria mwaka 2014, na jumuiya ya waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia ya mwaka 2016 iliyoanzisha Tuzo za Nommo. Huku kwetu Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi Pumzi mwaka 2009, na Dilman Dila wa Uganda amechapisha mkusanyo wake A Killing in the Sun.

Na sisi wa Kiswahili tunalo la kupeleka ukumbini. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa sababu za kisiasa, alichapisha riwaya ya Walenisi. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa kuingizwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumuua. Badala ya kufa anakiendesha, na anatua kwenye sayari ya watu walioishinda dhuluma. Jina la sayari hiyo ukilitamka polepole linakuambia: wale ni sisi. Hiyo ni hadithi ya kisayansi kwa kipimo chochote, lakini tumeifunza shuleni kama riwaya ya kisiasa tu. Mkangi alifariki mwaka 2004. Sijui kitu cha kusikitisha zaidi kuliko kumfikiria Pohl na Mkangi, watu wa hoja ileile moja, ambao hawakupata kuketi meza moja.

Katika miaka ya karibuni kikundi cha mashabiki kimejitokeza kuomba mkutano wa 2028 uje Afrika Mashariki, kwanza kwa kuitaja Kampala, kisha Kigali. Kwa waandishi wetu wengi kizuizi kikubwa cha Worldcon ni nauli ya ndege na viza ya Ulaya au Marekani, inayoombwa miezi mingi kabla na kunyimwa bila maelezo. Kigali ni jambo jingine kabisa. Kijana wa Nairobi anaweza kupanda basi, akapitia Kampala, akavuka mipaka miwili kwa kitambulisho cha taifa tu, begi lake likiwa na muswada wake na michoro ya rafiki aliyebaki.