Kipande Shingoni

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu, mjini Bariadi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa jopo aliponiuliza, "Binti, huko ulikotoka walikuwa wanakulipa shilingi ngapi? Tuletee na salari slipu za miezi mitatu." Nikataja. Akaandika. Hapo hapo nikajua bei yangu imeshapangwa, na aliyeipanga ni bosi niliyemkimbia.

Swali hilo si la jana. Kwa upande wetu huu wa dunia liliwahi kuwa sheria, na sheria hiyo iliitwa kipande. Wasukuma waliokwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga walilijua neno hilo kama kadi ya siku 30 za kazi: ukizimaliza, unalipwa. Kwa jirani zetu Kenya, kipande kilikuwa kitu kingine kabisa. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alilazimika kubeba hati yenye alama za vidole vyake, akaining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri aliandika humo kazi uliyofanya, siku ya kuanza na ya kuacha, na mshahara. Kisha alitia saini kwamba amekuachia. Ukiondoka bila saini hiyo, wewe ni mtoro.

Watu hukumbuka kikopo na polisi. Mimi hunasa kwenye ile safu ya mshahara. Mlowezi hakuwa na haja ya kuuliza kitu. Alifungua kikopo, akasoma jirani yake alilipa nini. Ungeanzia wapi kudai zaidi?

Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku akaunda chama kupinga hilo, pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo.

(Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kumkataza mwajiri kuuliza mshahara wa zamani kabla hajataja wake. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshajibu.)

Barua ya ajira ilikuja baada ya wiki mbili. Mshahara ulikuwa ule ule wa zamani, na shilingi 30,000 juu yake. Nilisaini.