Mkate wa Gugulethu: Historia Fupi ya Taasisi ya Amy Biehl

Agosti 25, 1993, Amy Biehl, Mmarekani wa miaka 26, alikuwa akiwarudisha marafiki zake Gugulethu, kitongoji cha Waafrika nje kidogo ya Cape Town. Vijana waliotoka kwenye mkutano wa siasa wakaona dereva mweupe. Gari likapigwa mawe. Amy akashuka, akakimbilia upande wa kituo cha mafuta, akachomwa kisu papo hapo. Alikuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape akishughulikia haki za wanawake, na zilibaki siku chache tu arejee kwao.

Mwaka 1994 wazazi wake, Peter na Linda, walianzisha taasisi yenye jina lake, na mwaka 1997 ikasajiliwa Afrika Kusini. Wangeweza kutoa misaada wakiwa kwao California. Wakachagua Gugulethu ileile na vitongoji jirani.

Baada ya saa za shule watoto walifundishwa muziki, ngoma, michezo, kusoma, na namna ya kujikinga na UKIMWI, ili wasizurure wazazi wakiwa bado kazini. Kikaja pia kiwanda cha mikate. Mkate wenye jina la Amy uliingia mitaani kwa bei ya mnyonge, na vijana wa hukohuko wakapata kazi ya kuuoka na kuusambaza.

Jambo zito zaidi lilitokea nje ya miradi. Vijana wanne walikuwa wamefungwa miaka 18 kwa mauaji yale. Walipoomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1997, wazazi wa Amy hawakupinga. Mwaka uliofuata wakaachiwa. Wawili kati yao, Easy Nofemela na Ntobeko Peni, walianzisha kikundi cha vijana mtaani kwao, wakaomba kuonana na familia. Baadaye taasisi ikawaajiri. Linda wakamwita Makhulu, bibi kwa Kixhosa.

Wapo waliosema wazazi wamevuka mpaka. Mimi naamini bila hatua hiyo taasisi ingebaki wafadhili wema tu, kama wengine wengi.

Peter alifariki 2002. Linda aliendelea, na mwaka 2008 Afrika Kusini ikamtunuku Nishani ya O.R. Tambo. Taasisi, ambayo siku hizi inaitwa Amy Foundation, imeongeza mafunzo ya ufundi na stadi za kazi kwa vijana waliomaliza shule wakakosa ajira.